SOMO: Kuandika fantasia yenye asili yako, sio kubandika majina tu

Wadau, stori nyingi za fantasia za Kiswahili zina theluji, kasri na joka alafu shujaa anaitwa Juma, basi imeisha hiyo. Leo tumtumie Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za kale za Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, tuone stori yake imesimamaje.

Hatua ya 1: Mpe mhusika nguvu ila iwe na tundu. Liyongo hafi kwa mkuki wala mshale, anakufa kwa sindano ya shaba kitovuni basi. Sasa kila mtu anawaza nani anaijua siri.

Hatua ya 2: Siri ishikwe na mtu wa karibu. Aliyemchoma ni mwanae wa kumzaa, kaahidiwa binti wa mfalme aliyetaka Liyongo afe. Adui hata pembe hahitaji.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi wanafeli: mila zifanye kazi kwenye stori zisikae kama pambo. Liyongo yuko kifungoni, mama yake anampelekea chakula, walinzi wanakula vizuri vyote wanamwachia mkate wa wishwa, yaani pumba, kwa dharau, kumbe tupa ya kukatia chuma imefichwa humo humo. Usiku ngoma ya gungu inapigwa, yeye anakata minyororo na kelele za ngoma zinameza sauti ya tupa. Toa mkate, toa ngoma, hatoroki mtu hapo. Kwahiyo kwenye stori yako futa mila moja uone, kama hakuna kilichoharibika ujue ulikua unapamba.

Hatua ya 4: Jini kama yupo aonekane mapema. Ukimleta sura ya mwisho tutajua ulikwama.

MASWALI

Mkuu mi Msukuma, majini ya pwani siyajui, niyasome kwanza?
– Ya nini ndugu yangu? Kwenu kuna vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana ngoma na dawa za kuvuta watazamaji, mbona hiyo fantasia tayari. Kaa na wazee wakupe stori.

Lazima niandike Kiswahili cha kale?
– Hapana, utachosha watu.

Shikamoo mwalimu, mhusika wangu anasoma mawazo ya watu, tundu nimwekee lipi?
– Marahaba. Asome ya watu wote isipokua wa damu yake. Alafu mpe kaka mwenye madeni.