Saiprasi hukatwa kwenye kijani tu

Kama una uzio wa saiprasi au mti mmoja wa pambo bustanini, kabla hujaanza kukata tenganisha matawi kwa mkono uchungulie ndani. Utakuta vijiti vya kahawia visivyo na majani. Usiogope, mti hauumwi. Majani ya ndani yakikosa mwanga hunyauka na kudondoka. Lakini mkasi usifike huko! Saiprasi ikikatwa kwenye kijiti kisicho na majani haichipui tena kama mimea mingine ya uzio, na pengo hilo halizibiki. Kata ncha za kijani tu, kidogo kidogo kila mwaka, tangu mti ukiwa mdogo, maana ukishatanuka sana huwezi kuurudisha. Uzio uwe mpana chini na mwembamba juu ili mwanga ufikie matawi ya chini. Vinginevyo hayo ndiyo hutangulia kukauka.

Mche mpya umwagilie maji mengi kwa mara moja, yazame, kisha subiri udongo wa juu ukauke. Mizizi ikikaa kwenye tope huoza, na majani yanapogeuka rangi mara nyingi umeshachelewa.