Kukitafuta Kijiji cha Babu: Kutoka Unguja hadi Quanzhou

Ikiwa mzee wenu alifika Unguja akitokea jimbo la Fujian nchini China, liandike jina la ukoo na la kijiji kwa herufi za Kichina kabla ya kusafiri, kwani matamshi tuliyorithi majumbani hayatoshi kumwelekeza mtu. Mara nyingi jiwe la kaburi ndilo lililozihifadhi herufi hizo. Anzia Quanzhou, bandari ambayo Waarabu waliiita Zaitun, na usiukose msikiti wa Qingjing, ulioanzishwa mwaka 1009, ambao kuta zake za mawe humgusa aliyelelewa Mji Mkongwe. Kijijini, ulizia kwanza ukumbi wa mababu, ambako wazee hutunza kitabu cha nasaba. Humo udi hufukizwa kwa heshima ya mababu; Muislamu asiyetaka kuufukiza na aseme mapema, kwa upole. Mwanzoni mwa Aprili, wakati wa Qingming, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, jamaa wengi hurudi kusafisha makaburi.