Umehamia mashariki ya Unguja? Bustani inaanza na ua wa kukinga upepo, nyanya zisubiri

Siku hizi watu wengi wanahamia huku kwetu, Paje, Bwejuu, Jambiani, Makunduchi, mtu kapata kazi hotelini au kajenga kibanda chake, na wiki ya kwanza tu keshashuka Darajani kanunua pakiti za mbegu za nyanya. Mi nilikuwa huyohuyo. Nimetoka Morogoro, kule ukitupa mbegu ya papai nyuma ya jiko mwakani unakula papai, nikajua na hapa ni hivyohivyo. Miche arobaini ya nyanya nikaipanda mwezi wa sita. Siku ya nne imelala chali yote, majani yamekauka pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni, nikadhani ugonjwa nikaenda kununua dawa. Dawa ya nini sasa, ilikuwa upepo na chumvi.

Kwa hiyo kabla hujashika jembe ujue upepo wako. Kusi inaanza kama mwezi wa nne au wa tano hivi inakwenda mpaka wa tisa, wa kumi, na inatoka baharini moja kwa moja inakuja kwako, hakuna mlima hakuna msitu hapo katikati. Kaskazi ni Desemba mpaka Machi, wa Nungwi, kule ncha ya kaskazini, wao ndo inawapiga usoni kabisa, kwa hiyo kama uko huko geuza maelezo yangu. Sasa chukua kanga kuukuu, chana vipande vyembamba, funga kwenye vijiti sehemu sita saba za kiwanja, urefu wa goti sio zaidi maana mche wako unaishi chini hauishi kwenye paa, halafu uwe unapita asubuhi, mchana na jioni unaangalia. Pale kanga inaponing'inia imetulia wakati zingine zinapigapiga, hapo ndo bustani yako. Kwangu ikawa nyuma ya choo. Sikupenda, ila nyanya hazikuulizi mandhari.

Halafu ua. Hapa nilifanya kosa la pili. Nikasema upepo si upepo, naukata, nikachukua mabati manne nikayapigilia kwenye nguzo upande wa kusi. Kwanza upepo ukigonga kitu kizima hausimami, unaruka juu unakuja kuanguka kwa nyuma ukiwa unazunguka, na hapo nyuma ndo umepanda. Pili, usiku wa tatu bati moja likaondoka. Asubuhi namwona bibi jirani anakuja nalo kalikunja chini ya kwapa, nikamwamkia shikamoo bibi, marahaba mwanangu, bati lako hili limelala bandani kwa kuku wangu. Hakugomba. Akaniambia bati la paa, ua hufungwa kwa kumba.

Basi ndo hivyo, makuti ya kumba, yale yaliyosukwa, unayafunga kwenye fito kwa kamba ya usumba na unaacha yawe na matundu. Unataka upepo upite kama nusu yake, ukishapita hapo unakuwa umechoka. Ua wa mita moja na nusu unakulinda vizuri mpaka mita saba hivi, ukizidi mita kumi na tano nyuma yake huna kitu, kwa hiyo usizungushe eka nzima, fanya kipande kidogo. Usiogope kwamba ua wa upande wa kusini utakunyima jua: huku tuko chini ya ikweta, kwenye miezi ya kusi jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini na kivuli cha ua kinaangukia nje kwa jirani. Nguzo zichimbie kweli, mimi nilichimba sentimita thelathini nikarudia kazi, na sehemu ya jiwe tupu ambapo huchimbi, zungushia nguzo rundo la mawe.

Makuti hayadumu, mwaka mmoja miwili yameoza. Kwa hiyo nyuma ya makuti, siku hiyohiyo, panda ua wa pili wa kuota. Mbaazi, msicheke, mbaazi inapanda haraka mpaka inakupita kichwa na bado unakula. Mlonge nao, ukivunjika unachipua, ukate kifuani usiachie ukaenda juu. Mvinje ni wa nje kabisa kwenye mpaka unaoelekea baharini, chumvi hauijali, ila mbali na mboga, chini yake haioti kitu.

Udongo sasa. Upande huu ni maweni, jiwe la matumbawe lina mifuko ya udongo mwekundu ndani ya nyufa. Usitafute shamba, tafuta mifuko. Mi natembea na mtaimbo nachomachoma, ukilia ngi naendelea, ukizama nimepata. Kila shimo linakuwa bustani yake peke yake. Kwenye video kila mtu anakwambia inua matuta, hapa tuta ni kuupa upepo meza ya kulia, we zamisha, mche ukae kama kwenye bakuli chini ya usawa wa ardhi na mawe uliyochimbua yapange upande wa upepo. Shimo la mpapai fanya sentimita sitini kwa sitini, chini weka makumbi ya nazi yanashika maji vizuri sana, ila usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba, yamejaa chumvi. Juu yake udongo na samadi iliyooza.

Na majivu acha. Najua bara tunamwaga majivu kila mahali, mimi nilimwaga ndoo tatu. Huku jiwe lenyewe ni chokaa, majivu yanaongeza palepale pasipohitaji, matokeo yake jani changa linakuwa njano huku mishipa imebaki kijani, mche una njaa ya madini ya chuma wakati udongo ni mwekundu unauona kwa macho. Samadi na majani yaliyooza ndo yanasaidia, na ndimu ukiipanda ujue itasumbua. Mwani unaotupwa pwani ni mbolea nzuri lakini ulaze nje masika nzima unyeshewe kwanza.

Maji: onja. Ukisikia chumvi ulimini, au sabuni inakataa povu, maharage sahau, kunde itajaribu, mnazi hautajali. Na kisima cha pwani usikivute mpaka chini kwa pampu, maji matamu yanaelea juu ya yale ya chumvi, ukivuta kwa pupa unapandisha chumvi, chota kidogokidogo asubuhi na jioni. Chupa ya lita moja na nusu itoboe kifuniko, ikate kitako, ichomeke kichwa chini pembeni ya mche, unajaza mara moja unakwenda kazini. Kipindi cha kusi kali, zile siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya Makunduchi ya mwezi wa saba, nawahi alfajiri na kopo la maji ya mvua nasuuza majani, chumvi ya usiku isiyaunguze jua likitoka.

Cha kupanda kwanza ni tembele. Linatambaa, upepo unapita juu haulioni, linafunika udongo usikauke na wiki ya tano unachuma. Muhogo unafuata, kijiti ukilaze. Bamia inavumilia, mrehani na mchaichai viweke karibu na mlango wa jiko. Mgomba majani yatachanika vipande vipande, usiutupe, unazaa hivyohivyo ukiwa kwenye kona yenye kinga, chagua mfupi.

Nyanya nimepanda tena mwezi wa kumi, kusi imelegea, vuli inakaribia, miche sita tu badala ya arobaini, kila mmoja kwenye bakuli lake nyuma ya choo na nyuma ya kumba. Minne ilizaa. Mmoja aliula mbuzi wa bibi yuleyule, na safari hii mimi ndo nilimpelekea mbuzi wake nimemshika kamba, hatujazungumzia nyanya.