Jinsi ya kuweka mziki wa nyuma kwenye muvi yako

Kabla hujatafuta biti yoyote, itazame sini nzima bila mziki kabisa, maana kama waigizaji hawakugusi hapo basi mziki hautawaokoa. Ukiona inasimama yenyewe, jiulize mtazamaji anatakiwa ahisi kitu gani ambacho picha haijasema bado. Mfano mzuri ni Jaws, muvi ya 1975 ya papa anayeshambulia watu, mtunzi wa mziki wake John Williams alitumia noti mbili tu zinazojirudia huku kasi ikiongezeka, papa mwenyewe hata humuoni ila moyo unaenda mbio.

Pa kuanzia ndo pagumu. Usiingize mziki hovyo katikati ya sentensi, subiri mtu ageuze shingo, ashike kitasa, au picha ikate, hapo unaingia taratibu na hakuna atakayegundua. Watu wakianza kuongea shusha sauti, na nyimbo zenye maneno ziepuke kabisa hapo, sikio linashindwa kufuata maneno ya huku na huku kwa pamoja. Halafu ukitaka kitu kishtue kweli, kata mziki sekunde chache kabla, ule ukimya ndo unafanya kazi yote.

Na kama wimbo ni wa mtu, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujaachia muvi.