Kabla Hujahamia Mirihi: Kubalianeni Haya Mkiwa Bado Duniani

Mjadala wa binadamu kuhamia sayari nyingine ukianza, watu hukimbilia roketi. Itafika? Itatua? Hewa itatoka wapi? Hayo yana wahandisi wake, na wanalipwa mshahara. Linaloachwa mwisho, watu wakiwa wameshasimama waondoke, ni hili: mkishafika Mirihi mtaishi pamoja bila kutoana macho? Mimi naona inawezekana. Ila msitegemee kuchagua watu wenye roho nzuri, maana roho nzuri huisha chakula kikianza kuisha. Tegemeeni mliyokubaliana na kuyaandika kabla mlango wa chombo haujafungwa.

Ya afya nayapitia mbio. Jino bovu ling'oe huku huku. Miwani beba ya akiba. Mazoezi fanya, kwa sababu kule uzito wako utakuwa kama asilimia 38 tu ya wa hapa na misuli inapenda uvivu. Kidole tumbo kitoe mapema: familia zilizokuwa zikihamia Villa Las Estrellas, kijiji cha Chile kule Antaktika, zilitakiwa kukitoa kwanza, watoto kwa wakubwa. Wakiona ni ukali, wakumbushe Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Warusi huko huko Antaktika. Mwaka 1961 kilimuuma, akajipasua tumbo mwenyewe huku wenzake wakimshikia kioo. Na huyo alikuwa duniani.

Dini na siasa: kila mtu na zake, asimlazimishe mwenzake. Hili alishalisema Edward Makuka Nkoloso wa Zambia mwaka 1964, yule aliyekuwa akiwaviringisha vijana wake ndani ya pipa kuwazoesha safari ya anga. Aliandika kwamba atampeleka mmisionari Mirihi, lakini amemwonya asiwalazimishe wenyeji Ukristo kama hawautaki. Dunia ilimcheka kwa lile pipa. La mmisionari hakuna aliyelitilia maanani, wakati ndilo lililokuwa na akili.

Sheria someni kabla. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kujimilikisha sayari wala Mwezi, na kila nchi inawajibika kwa raia na kampuni zake huko. Vizuri. Lakini Marekani ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuwaruhusu raia wake kumiliki wanachokichimba angani, na Luxembourg ikafuata mwaka 2017. Kwa hiyo ardhi si ya mtu, ila barafu uliyoichimba ni yako. Kwa Kiswahili cha kawaida hiyo ni kesi ya kisima, na kesi za visima tunazijua zinavyoishia. Amueni kabla ya kuondoka nani anapata maji kwanza mtambo ukiharibika, na muandike.

Msuluhishi naye mteueni mapema, awe miongoni mwenu. Sisi tumezoea ugomvi ukizidi anapigiwa simu mjomba, au mzee wa mtaa anaitwa, watu wanakaa chini. Mirihi ikiwa karibu kabisa iko kilomita milioni 55 hivi kutoka hapa. Ikiwa mbali inafika milioni 400. Sauti inachukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda, na muda kama huo kurudi. Ukimwambia mjomba "huyu ananitukana", jibu lake la "tulia kwanza, mwanangu" linaweza kukukuta baada ya dakika arobaini, ngumi zilishapigwa zamani. Tena kila baada ya miezi 26 hivi Jua linakaa katikati ya sayari hizi mbili, na kwa kama wiki mbili mawasiliano hayaaminiki kabisa. Basi awepo mtu mliyekubali wote kwamba akisema "inatosha", imetosha. Awepo na wa pili, maana na msuluhishi ana siku zake.

Adabu baina ya wanaume na wanawake isiachwe iende yenyewe. Katika jaribio moja la kuwafungia watu mjini Moscow kana kwamba wako angani, mwaka 1999 hadi 2000, Warusi wawili walipigana hadi damu ikaruka ukutani, na kiongozi wa kundi lao akamvuta mtafiti wa kike kutoka Kanada akambusu bila ridhaa yake, kwenye sherehe ya mwaka mpya. Mwanamke yule alipolalamika, kuna walioliona ni suala la tofauti za mila. Mjapani mmoja aliondoka kabla ya muda. Mtu akikwambia "kwetu ndivyo tulivyo", mwambie basi abaki kwao.

Sasa njoo kwenye stoo. Hapa sitaki haraka.

Niliwahi kuishi kwenye kambi ya utafiti wa madini kusini mwa Tanzania, kampuni siitaji. Masika ilikuja kwa hasira, mto ukajaa, gari la mahitaji likabaki ng'ambo. Tulikuwa mchanganyiko wa watu: wachorongaji wa Kanda ya Ziwa, fundi Mkenya, kijana wa miamba aliyetoka chuo juzi, vibarua wa kijiji cha jirani, mpishi wa kike tuliyemwita Dada, na msimamizi ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Hakuwa mwizi, nasema hivi hata leo. Ila hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza kimebaki nini, anajibu "kipo cha kutosha", mnyororo wa ufunguo ukiwa umezungushwa kidoleni.

Ilianzia kwenye sukari. Chai ya asubuhi ikaja kavu, watu wakanywa wakanyamaza. Jioni ile mmoja wa mafundi alimaliza chai yake akaweka kikombe mezani, na chini ya kile kikombe kulikuwa na sukari ambayo haikuyeyuka, imeganda nyeupe kama kucha. Bwalo zima liliiona. Hakuna aliyesema neno. Kesho yake kulikuwa na meko mawili, moja nyuma ya bwalo na jingine kwenye mahema ya wachorongaji. Watu wakaanza kulala na sufuria chini ya kitanda. Spana ya mtambo ikapotea, na kila upande ulijua kwa hakika nani aliichukua. Chakula kilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni kujua ni kiasi gani, na kwenye ile nafasi tupu kila mmoja alijaza ubaya wa mwenzake.

Aliyetuokoa ni Dada. Mvua ilipotulia kidogo alimfuata msimamizi akamwambia, mbele ya watu, "Bosi, naomba ufunguo, nataka kupanga stoo." Angemkatalia vipi? Akatandika turubai nje, akatoa kila kitu: viroba vya sembe, maharage, dagaa, madumu ya mafuta, na ile sukari, ambayo ilikuwa mfuko mmoja uliofunguliwa, haujafika hata kilo tatu. Akahesabu kwa sauti, akaandika kwa mkaa kwenye boksi lililokatwa, akalitundika kwenye nguzo ya bwalo. Kuanzia siku hiyo kila jioni mtu tofauti alipima, akafuta, akaandika upya. Manung'uniko hayakuisha, lakini yalihamia kwa mvua na kwa serikali, yaliko stahili yake.

Mwenye kile kikombe hakukaa. Alitia nguo zake kwenye begi, akalibeba begani, akatembea kwa miguu hadi kijijini. Kambi ikapumua. Nimelifikiria sana jambo hili: lile boksi lilileta nusu ya amani, na nusu nyingine ililetwa na huyu mtu kuwa na mahali pa kwenda.

Mirihi hakuna kijiji. Kanieneo ya hewa yake haifiki asilimia 1 ya tuliyoizoea. Ukitoka kwa hasira bila vazi, hasira hiyo ni ya mwisho. Na roketi ya kurudi haiji unapoiita: nafasi nzuri ya safari hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, kisha uko njiani kati ya miezi sita na tisa. Ugomvi mwingi wa duniani hatuumalizi, tunauhama. Mtu anahama nyumba, anahama mtaa, anarudi kwa mama yake. Ondoa uwezo huo, ndipo utajua kama mnaweza kuishi pamoja.

Waliolionja hili karibu kabisa ni wale wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, waliojifungia ndani ya Biosphere 2 kule Arizona kuanzia Septemba 26, 1991, kwa miaka miwili. Jengo la vioo, zaidi kidogo ya hekta moja, lenye msitu wake, shamba lake, mbuzi wake, mpaka komba waliotoka asili yake huku kwetu Afrika. Walitegemea chakula walichokilima wenyewe, na hakikutosha. Walilamba sahani. Ndizi zikaanza kutoweka stoo. Oksijeni nayo ikashuka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 15, kana kwamba wanaishi juu ya kituo cha Horombo pale Kilimanjaro: vijidudu vya udongo vilikuwa vinaila, na kabonidioksaidi iliyotokana nayo ikanywewa na zege la jengo. Januari 1993 ikabidi waongezewe hewa kutoka nje. Kufikia hapo walishagawanyika wanne kwa wanne, marafiki wa miaka hawatazamani usoni.

Lakini walimaliza. Waliochukiana waliendelea kukamua mbuzi kwa zamu na kutengeneza pampu, kwa sababu hewa ilikuwa moja na kila mmoja alijua adui yake ndiye anayeilinda usiku. Kwa hiyo ukiniuliza amani ya Mirihi itafananaje, itafanana na hiyo: watu wasiopendana wanaoheshimu zamu. Inatosha kuishi.

Basi fanyeni hivi. Kipimo cha chakula, maji na hewa kikae ukutani, mahali ambapo hata mtoto anakiona. Ufunguo usishikwe na mtu mmoja, na zaidi ya ufunguo, valvu ya oksijeni. Jengeni nyumba mbili, kila moja na hewa yake, hata kama gharama inaongezeka. Mtu apate pa kununia. Nyumba ya kujaribia maisha ya Mirihi ya NASA, shirika la anga la Marekani, pale Houston, ambako watu wanne walikaa kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024, ilikuwa na mita za mraba 158 tu, lakini kila mmoja alikuwa na chumba chake cha kufunga mlango. Chumba hicho kisitolewe kwenye bajeti, hata mhasibu alie.

Mengine ni ya kuangalia tu. Usilipe ada kwa mtu anayekuahidi kiti: Mars One, mradi wa Uholanzi wa kupeleka watu Mirihi, ilikusanya ada za waombaji, na Januari 2019 kampuni yake ya biashara ikafilisika bila kurusha hata kopo. Mkizaa huko, kumbukeni mtoto hakusaini popote. Kaburi mlipangie mahali mapema, msije mkaanza kubishana mkiwa na msiba. Mgeni wa kundi la pili akija, msimwite mgeni zaidi ya wiki. Deni usibebe, wala usikopeshe. Na kama huwezi kuamka bila kikombe cha kitu cha moto, anza kujizoeza sasa hivi. Wale wa Arizona walikuwa na mibuni yao, na bado kahawa ikawa ya kusubiri kwa majuma.