Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Kiwanda cha Kisovieti Bila Kuingizwa Mjini

Ukikuta ripoti inasema kiwanda fulani cha Umoja wa Kisovieti kilitimiza mpango, yaani lengo la uzalishaji kilichopangiwa na serikali, kwa asilimia 104, uliza kwanza: asilimia 104 ya nini? Tani, mita au rubli?

Chukua kioo cha dirisha. Kila milimita ya unene ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Tuseme zinahitajika mita za mraba 10,000 za kioo cha milimita 3. Hizo ni tani 75. Wizara ikihesabu tani, meneja anatoa kioo cha milimita 4, mita 7,500 tu, na mpango umetimia huku wajenzi wakikosa robo ya kioo chao. Wizara ikigeuka ihesabu mita, tani zilezile 75 zinatoa mita 15,000 za milimita 2, kioo cha kuvunjikia kwenye lori. Basi andika kipimo pembeni ya kila tarakimu, kisha tafuta njia ya mkato ya kukifikia. Mara nyingi ndiyo iliyofuatwa.

Angalia na mwaka. Kabla ya 1965 kipimo kikuu kilikuwa val, yaani thamani ya jumla ya uzalishaji, malighafi ikiwemo. Kushonea kitambaa ghali kulipandisha tarakimu bila fundi kuongeza hata mshono mmoja. Mageuzi ya waziri mkuu Kosygin ya Septemba 1965 yaliweka mbele mauzo na faida, na Januari 1966 viwanda 43 vikaanza utaratibu huo. Usidhani soko lilifunguliwa: bei ziliendelea kupangwa na serikali kwa kufuata gharama, kwa hiyo ubadhirifu haukumwumiza sana mzalishaji.

Kwenye mashine ndipo wasomaji wengi hupotea. Mageuzi yalikipa kiwanda mfuko wake wa kuendeleza uzalishaji, lakini rubli peke yake haikununua mashine. Ilitakiwa mgao wa Gossnab, idara ya ugavi, na mtengeneza mashine naye alibanwa na mpango wake. Mfuko uliojaa mwaka hadi mwaka usiusome kama utajiri. Huenda ni fedha iliyokosa cha kununua. Hata mashine ikifika, kuifunga kunasimamisha kazi, lengo la mwezi halishuki, na bonasi inapotea. Kwa hesabu ya meneja, kuiacha ndani ya kreti kulikuwa na faida zaidi. Tafuta safu ya vifaa visivyofungwa. Inasema mengi kuliko hotuba.

Kisha weka lengo la mwaka huu kando ya matokeo ya mwaka jana. Mwaka 1967 kiwanda cha kemikali cha Shchekino, mkoani Tula, kiliruhusiwa kubaki na mfuko uleule wa mishahara hata kikipunguza watu, na sehemu ya akiba wagawiwe waliobaki. Kikapunguza mamia ya nafasi, uzalishaji ukapanda. Baadaye wakubwa wakaanza kubana malengo na kuinyofoa akiba. Viwanda vingine viliona, vikaendelea kuficha uwezo wao na kuweka wafanyakazi wa ziada.

Ukibahatika kupata takwimu za siku kumi kumi, zigawe. Sehemu kubwa ya bidhaa ikiwa imetoka siku kumi za mwisho wa mwezi, malighafi ilichelewa na watu walikesha: Warusi huiita shturmovshchina. Hapo kagua bidhaa mbovu na zilizorejeshwa kabla ya kugusa asilimia ya mpango. Wanunuzi wazoefu walifanya hivyohivyo, wakitazama tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipia friji.