Kuandaa wasilisho la dakika 20 kwa warsha ya watafiti chipukizi wa nadharia ya kompyuta

Wiki hii nimekaa jioni tatu na mwanafunzi wangu wa uzamivu aliyepata nafasi ya kuwasilisha kwenye warsha ya watafiti chipukizi. Warsha za namna hii mara nyingi hupangwa karibu na kongamano kubwa kama STOC au ICALP, kwa hiyo wanaokusikiliza wanajua mambo, na wengine kati yao ndio watakaosoma maombi yako ya kazi mwakani. Naandika tuliyofanya, kwa sababu najua wapo wengine wanaojiandaa peke yao.

Hatua ya 1: Chagua dai moja

Makala yako ina theoremu tatu, yaani madai matatu yaliyothibitishwa. Dakika 20 zinabeba moja. Chagua ile unayoweza kuieleza kwa sentensi mbili bila alama yoyote ya hesabu, na hizo nyingine zitaje tu mwishoni.

Usianze na maana ya NP, yaani kundi la matatizo ambayo jibu lake likitolewa linaweza kuhakikiwa haraka. Stephen Cook alitoa theoremu yake kuhusu tatizo gumu kama lolote la NP mwaka 1971, Richard Karp akafuata na matatizo yake 21 ya namna hiyo mwaka 1972, na kila aliyekaa mbele yako ameshayafundisha hayo au kuyafanyia mtihani. Dakika nne ukizitumia hapo, utazitafuta kwa uchungu baadaye.

Hatua ya 2: Slaidi

LaTeX (programu ya kuandikia hesabu) na Beamer (nyongeza yake ya slaidi), faili la PDF, nakala moja kwenye flashi. Slaidi zisizidi 12.

Hatua ya 3: Tafuta mfano mdogo unaobana

Mfano unaobana ni ule unaofikia kiwango cha theoremu yako kamili, ukionyesha kwamba hakiwezi kuboreshwa. Hapa tutakaa, maana ndipo nilipoumia mimi mwenyewe.

Kwenye warsha yangu ya kwanza kazi yangu ilijengwa juu ya algoriti ya David Karger ya mwaka 1993 ya kutafuta mkato mdogo kabisa wa grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari), yaani idadi ndogo kabisa ya mistari ambayo ukiikata grafu inagawanyika vipande viwili. Algoriti yenyewe ni nyepesi: chagua mstari mmoja kwa bahati nasibu, unganisha nukta zake mbili ziwe nukta moja, futa mistari inayoanzia na kuishia kwenye nukta hiyo hiyo moja, kisha rudia mpaka zibaki nukta mbili. Mistari iliyobaki kati yao ndiyo mkato wako. Theoremu inasema kwamba grafu ikiwa na nukta n, mkato mdogo kabisa unasalimika kwa uwezekano usiopungua 2/(n(n−1)). Kwa nukta sita, hiyo ni 1/15.

Nikachora pembetatu mbili zilizounganishwa na mstari mmoja kama daraja. Mchoro ulipendeza, mkato ulionekana hata kwa aliyekaa nyuma kabisa. Mtu mmoja akanyoosha mkono: "Kwenye mchoro wako huo, uwezekano ni ngapi hasa?" Sikuwa nimeuhesabu. Nilibaki nimesimama na chaki mkononi, na dakika zilizobaki ziliishia hapo.

Usiku ule nilihesabu kwa mkono. Hatua ya kwanza ina mistari 7, daraja linasalimika kwa uwezekano wa 6/7. Baada ya hapo njia zinagawanyika: ama unamaliza pembetatu ile ile, ama unahamia ya pili. Ukijumlisha zote unapata 13/35, yaani zaidi ya theluthi moja. Nilikuwa nimetangaza 1/15 huku mfano wangu ukifanya vizuri zaidi ya mara tano. Msikilizaji alikuwa na haki ya kujiuliza kama uthibitisho ni mlegevu au mfano ndio unaopotosha.

Mfano niliouhitaji ulikuwa duara: nukta sita, mistari sita. Kwenye duara, kukata mistari miwili yoyote ni mkato mdogo kabisa, na jozi za mistari ziko 15. Algoriti inapoisha inabakiza mistari miwili, na kila jozi ina nafasi sawa na nyingine. Kwa hiyo kila mkato unasalimika kwa 1/15 kamili. Hakuna wa kukuuliza kama kiwango chako kinaweza kuboreshwa, ameshaona kwa macho yake kwamba hakiwezi.

Sasa tahadhari, na naomba uzisome zote:

Usitupe mfano wa kwanza. Pembetatu mbili zinafaa kuonyesha algoriti inavyofanya kazi, na duara linafaa kuonyesha kiwango kinavyobana. Ni kazi mbili tofauti. Mfano mmoja ukilazimishwa kufanya zote mbili, utaharibu mojawapo.

Mistari pacha usiifute. Ukiunganisha nukta mbili za pembetatu, pande mbili zilizobaki zinakuwa mistari miwili kati ya nukta zile zile. Ukifuta mmoja ili mchoro uwe safi, daraja litachaguliwa kwa 1/5 badala ya 1/6, na hesabu yote inayofuata itakuwa ya algoriti nyingine. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo hivyo jioni ya kwanza. "Mwalimu, mbona yangu haifiki 13/35?" Tulitafuta saa nzima.

Hesabu kwa mkono kwanza, kisha hakiki kwa programu fupi ya Python. Endesha mara laki moja; kwa pembetatu mbili unapaswa kuona takriban 0.371. Ukianza na programu utapata namba, lakini swali likija hutajua imetoka wapi.

Kama matokeo yako ni ya ugumu wa tatizo na si algoriti, mfano unaobana ni ule wa ubadilishaji wenyewe, yaani njia ya kugeuza tatizo linalojulikana kuwa gumu liwe lako: vigeu viwili na sharti moja, vimechorwa mpaka mwisho.

Hatua ya 4: Uthibitisho ubaoni

Slaidi kwa picha, ubao kwa uthibitisho. Sibadiliki kwenye hili. Mkono unaoandika unakwenda kwa kasi ya kichwa kinachofuata, ilhali slaidi yenye mistari 15 ya hesabu imeshapita kabla mtu hajamaliza mstari wa tatu. Chagua lema moja tu (dai dogo linalosaidia kuthibitisha theoremu), ile yenye wazo. Kwa Karger ni hii: mkato mdogo kabisa ukiwa na mistari k, kila nukta ina mistari isiyopungua k, kwa hiyo grafu nzima ina angalau nk/2, na uwezekano wa kuugusa mkato kwenye hatua ya kwanza hauzidi 2/n. Inakaa kwenye robo ya ubao.

Hatua ya 5: Zoezi

Mara tatu, kwa sauti, umesimama, saa mezani. Lenga dakika 17.

Hatua ya 6: Swali kuhusu sehemu yako

Kwenye fani yetu majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo karatasi haisemi nani alifanya nini. Wakati wa chai utaulizwa, na wengi huanza kumsifu msimamizi wao. Andaa jibu la sentensi mbili, na wasomee uliofanya nao kazi kabla hujasafiri. Mwanafunzi wangu ameliandika lake kwenye kadi: "Lema ya 4 ni yangu, pamoja na mfano wa duara. Wazo la kupima uzito wa mistari lilikuwa la mwenzangu." Tumewatumia wenzake jana, na wote wamekubali.